Ripoti ya Sparse ikiwa safi ghafla: kukitunza kikaguzi cha msimbo wa C ulichorithi

Swali. Habari za kazi, mtaalamu. Ofisini tuna programu ya mita za maji iliyoandikwa kwa C, inayoendeshwa kwenye kichakataji cha ARM cha biti 32. Mwenzetu alichukua Sparse, programu inayosoma msimbo wa C na kuukagua bila kuuendesha, akaongeza ukaguzi wake wa pointa za rejista (anwani za kudhibiti vifaa) na wa mpangilio wa baiti, kisha akahamia kazi nyingine. Mimi ndiye niliyekabidhiwa. Tulipopandisha kompaila ya GCC kwenye seva ya ujenzi, Sparse ilianza kulalamikia faili za heda za mfumo ambazo sisi hatukuzigusa. Mmoja wetu akaweka `grep -v` kuyachuja hayo malalamiko, na sasa ripoti ni nyeupe kabisa. Lakini hata yale maonyo tuliyoyazoea kwenye msimbo wetu wenyewe yametoweka. Je, niandike kikaguzi kipya? Kama sivyo, nianzie wapi kukitunza hiki?

Jibu. Usiandike kipya. Na hiyo `grep -v` iondoe leo, kabla hujaendelea kusoma, kwa sababu ndiyo inayokuficha kwamba Sparse yako haikagui tena chochote.

Sparse hutenganisha mambo mawili: onyo na kosa. Onyo ni maoni yake juu ya msimbo wako. Kosa maana yake imeshindwa kuuelewa msimbo. Fungua `lib.c`, tafuta funksheni `warning()`, utaona inaangalia kigeu `has_error` kabla ya kuchapa kitu. Kosa moja likishatokea katika faili, maonyo yanayofuata hunyamazishwa. Uamuzi huo una mantiki: kama aina ya kigeu haikusomeka, kila onyo litakalotolewa juu ya kigeu hicho litakuwa upuuzi. Lakini tazama matokeo yake kwako. Heda ya mfumo huingizwa juu kabisa ya karibu kila faili. Sparse ikikwama humo, inafika kwenye msimbo wako ikiwa imeshafungwa mdomo. Juu ya hapo, kwa kawaida Sparse humaliza kazi na namba ya kutokea 0 hata ilipotoa maonyo, ili isivunje ujenzi wa watu. Kwa hiyo kosa limenyamazisha maonyo, namba 0 imeiambia seva kuwa mambo shwari, na kichujio kimefuta ushahidi pekee uliobaki. Kikaguzi kinachopiga kelele nyingi hukera, lakini kinaonekana. Kilichonyamaza huku kila mtu akidhani kinafanya kazi ndicho cha kuogopa, na sehemu kubwa ya utunzaji ni kuzuia hali hiyo isijirudie.

Kuna kimya kingine cha aina hiyo. Sparse ina kikomo cha maonyo 100 kwa kila mwito, kisha huandika `too many warnings` na kukoma. Faili kubwa ya zamani yenye maonyo 100 yasiyo na uzito itayameza yale mawili ya maana yaliyo chini yake. Kikomo hicho hubadilishwa kwa `-fmax-warnings=`.

Kwanza ijue GCC iliyotumika kuijenga

Kabla ya kugusa msimbo wa Sparse, hakikisha tatizo si la njia za saraka. Sparse inapojengwa huiuliza GCC iliyopo mahali saraka yake ilipo, na jibu hugandishwa ndani ya programu. Ukiondoa GCC 11 ukaweka GCC 13 bila kuijenga Sparse upya, itaendelea kutafuta `stddef.h` na `stdarg.h` kwenye saraka ambayo haipo tena. Angalia hivi:

```
gcc --print-file-name=
strings "$(command -v sparse)" | grep lib/gcc
```

Njia hizo mbili zikitofautiana, umeshampata mchawi. Jenga upya kwa `make clean && make`, kisha `make check`. Kama huwezi kujenga upya sasa hivi, chaguo `-gcc-base-dir` hukuruhusu kuitajia saraka sahihi kwenye mstari wa amri.

Kwenu kuna jambo la pili, nalo huwapata karibu wote wanaoandikia vifaa vidogo. Programu yenu hujengwa kwa `arm-none-eabi-gcc`, ila Sparse ilijengwa kwa GCC ya seva. Bila kuelekezwa, itasoma heda za `/usr/include` za seva ya x86-64, na itahesabu kuwa `long` ina biti 64. Ondoa heda za seva kabisa kwa `-nostdinc`, halafu orodhesha kwa `-isystem` saraka zile tu ambazo kompaila yenu ya ARM huzitumia. Orodha hiyo usiibuni kichwani. Iulize kompaila yenyewe:

```
arm-none-eabi-gcc -E -v -x c /dev/null
```

Itachapa saraka zote kwa mpangilio wa utafutaji. Zinakili kwa mpangilio huohuo. Kisha ongeza `--arch=arm`. Ukumbuke pia kwamba kwenye ARM `char` tupu kwa kawaida haina alama ya hasi, wakati kwenye x86 inayo. Kama `-funsigned-char` imetajwa kwenye ujenzi wenu, ipeleke na kwa Sparse. Ukaguzi wa kulinganisha `char` na namba hasi hutoa majibu kinyume kabisa ukikosea hapo.

Halafu linganisha makro zinazotangazwa na pande zote mbili. Tengeneza faili tupu, endesha `sparse -E -dM tupu.c` na `arm-none-eabi-gcc -E -dM tupu.c`, panga kwa `sort`, tazama kwa `diff`. Zitakuwa nyingi, lakini zinazokuhusu ni chache: `__GNUC__`, `__STDC_VERSION__`, ukubwa wa aina za namba, na `__BYTE_ORDER__`. Sparse hujitambulisha kwa toleo la GCC lililoijenga. Hapo ndipo malalamiko ya heda yanapozaliwa: heda huuliza toleo la kompaila, huambiwa ni jipya, nazo hutumia neno au sifa (attribute) mpya ambayo Sparse haijawahi kufundishwa.

Toleo la lugha nalo lifunge wazi. GCC 15, iliyotoka 2025, huchukua `gnu23` (C23 pamoja na nyongeza za GNU) kama kiwango chake usipotaja kingine, na katika C23 `bool`, `nullptr` na `constexpr` ni maneno maalumu ya lugha. Kerneli ya Linux yenyewe ilihamia `gnu11` kwenye toleo 5.18 mwaka 2022. Andika `-std=gnu11` kwa GCC na kwa Sparse pia. Siku mtakapotaka C23, hamieni kwa makusudi, mkijua kichanganuzi cha sintaksia cha Sparse lazima kifuate.

Yakibaki makosa ya kweli

Baada ya njia na makro kunyooka, yatabaki makosa machache ambayo ni upungufu halisi wa Sparse. Toleo 0.6.4 lilitoka 2021, nalo halijui vitu vilivyoingia baadaye. Kabla ya kuandika kiraka (badiliko dogo la msimbo wa Sparse), vuta hazina ya Git uone kama tayari kimeshaandikwa.

Kisha punguza faili inayoleta kosa. Usihangaike na faili yenye mistari elfu thelathini ya heda. Ipitishe kwanza kwa `sparse -E`, si kwa `gcc -E`, kwa sababu makro zao hutofautiana na tawi la `#if` linalochukuliwa linaweza kuwa jingine. Halafu mwachie C-Reduce, programu kutoka Chuo Kikuu cha Utah, ikate kila kisichohitajika. Inachohitaji ni hati (script) ndogo ya kuamua kama kipande kilichobaki bado kina tatizo:

```
#!/bin/sh
gcc -std=gnu11 -fsyntax-only -w x.c || exit 1
sparse x.c 2>&1 | grep -q "undefined identifier '__builtin_"
```

Mstari wa GCC usiuache. Bila huo C-Reduce itakukatia hadi ibaki takataka isiyo C, ambayo ni haki Sparse kuikataa, nawe utapoteza mchana mzima ukitibu ugonjwa usiokuwepo. Ukishapunguza, mara nyingi utabaki na mistari mitatu au minne. Mistari hiyo ndiyo jaribio lako la baadaye, ihifadhi.

Dawa inategemea kilichokosekana. Sifa mpya ya GCC isiyoathiri maana ya aina, kwa mfano ile ya kusaidia kompaila kutoa maonyo yake, huongezwa mstari mmoja tu katika `gcc-attr-list.h`, na Sparse itaipokea na kuipuuza. Funksheni za ndani za kompaila, zile zinazoanza na `__builtin_`, hukaa kwenye jedwali lililo ndani ya `builtin.c`: jina, aina inayorudishwa, aina za hoja. Hapo usifanye haraka. Ukiandika kwamba inarudisha `int` ilhali inarudisha aina ya hoja yake, Sparse haitalalamika tena, ila kuanzia hapo itakuwa inabeba aina isiyo sahihi kimyakimya ndani ya kila usemi (expression) unaotumia funksheni hiyo. Kama jibu linategemea hoja, toa funksheni ya kutathmini, na kama linaweza kuwa thabiti (constant) wakati wa kompaila, toa na ya kulikokotoa. Jedwali lenyewe lina mifano: angalia namna familia ya `__builtin_bswap` na ile ya `__builtin_add_overflow` zilivyoandikwa.

Neno jipya la lugha ni kazi nzito zaidi. Jina husajiliwa `ident-list.h`, sintaksia husomwa `parse.c`. Ukiongeza aina mpya ya usemi, orodha ya kupitia ni hii, na watu huisahau katikati: `expression.h` kuitangaza, `evaluate.c` kuipa aina, `expand.c` kukokotoa thabiti, `linearize.c` kuigeuza kuwa maelekezo, `show-parse.c` kuichapa, na `inline.c` kuinakili. Hiyo ya mwisho ndiyo mtego. Sparse hubadilisha mti wa sintaksia papohapo wakati wa kutathmini, haitengenezi mti mwingine. Funksheni ya `inline` ikiitwa mahali pawili, mwili wake lazima unakiliwe. Ukisahau kuandika unakili wa aina yako mpya ndani ya `inline.c`, kila kitu kitafanya kazi vizuri kwenye jaribio lako dogo, kisha kiharibike pale tu usemi huo unapokuwa ndani ya funksheni ya `inline` iliyoitwa. Kwa hiyo kila jaribio la usemi mpya liwe na nakala mbili, moja ndani ya funksheni ya kawaida na nyingine ndani ya `static inline` inayoitwa mara mbili.

Mtego mwingine wa ndani ni orodha za pointa. Ukiwa katikati ya `FOR_EACH_PTR`, kufuta au kuingiza kipengele hufanywa kwa makro zake maalumu, `DELETE_CURRENT_PTR` na `INSERT_CURRENT`. Ukiita funksheni nyingine inayobadilisha orodha ileile unayoizunguka, utaruka vipengele au utavirudia, na dalili itatokea mbali na chanzo.

Majaribio ndiyo mali yako

Saraka ya `validation` ina thamani kuliko kiraka chochote cha mwenzako aliyeondoka. Kila jaribio ni faili ya C yenye maelezo yake mwishoni:

```c
typedef unsigned int __attribute__((bitwise)) le32_t;

static unsigned int soma(le32_t x)
{
	return x + 1;
}

/*
 * check-name: le32 haijumlishwi bila kugeuzwa
 *
 * check-error-start
mita-le32.c:5:16: warning: restricted le32_t degrades to integer
 * check-error-end
 */
```

Sehemu ya matokeo usiiandike kwa mkono. Ndani ya saraka hiyo kuna hati `test-suite`, `./test-suite format mita-le32.c` itakutolea maelezo yaliyokwisha jazwa, nawe kazi yako ni kuyasoma kwa makini na kuamua kama ndiyo matokeo uliyoyataka. Jaribio moja moja huendeshwa kwa `./test-suite single mita-le32.c`. Kama umegundua hitilafu ambayo huwezi kuirekebisha wiki hii, andika jaribio lake hata hivyo, liwekee matokeo yaliyo sahihi, na uongeze `check-known-to-fail`. Halitavunja ujenzi, na siku hitilafu itakapotoweka hati itakuambia.

Kwa kila ukaguzi mliouongeza nyinyi, weka jaribio la pande mbili: msimbo mbovu unaopaswa kukamatwa, na msimbo mzuri unaofanana nao sana ambao haupaswi kuguswa. Wengi huandika wa kwanza tu. Wa pili ndio unaokulinda na maonyo ya uongo.

Sasa weka mlinzi wa kimya, yaani wa kukuonya kikaguzi kinaponyamaza kama nilivyoeleza mwanzo. Ndani ya mradi wenu wenyewe, si ndani ya Sparse, tengeneza faili moja ya C yenye kosa la makusudi, mathalani kusoma pointa ya rejista moja kwa moja. Iingize heda zilezile zinazoingizwa na msimbo halisi, na ipitishwe kwa Sparse na chaguo zilezile. Seva ya ujenzi ishindwe kama onyo linalotarajiwa halikutokea. Mtu akipandisha kompaila tena, akibadilisha njia, au akiweka kichujio kingine, mlinzi huyu atapiga kelele siku hiyohiyo. Pamoja naye, ongeza sharti kwamba neno `error:` likionekana popote kwenye matokeo, ujenzi usimame. Kwa saraka zilizokwisha safishwa, washa `-Wsparse-error`, ambayo hugeuza maonyo kuwa makosa na kubadilisha namba ya kutokea.

Kabla ya kupokea badiliko lolote kwenye kikaguzi, endesha toleo la zamani na jipya juu ya msimbo uleule usiobadilika, kisha ulinganishe. Msimbo wenu peke yake hautoshi, mna mtindo mmoja wa kuandika. Tumia na kerneli ya Linux, ambako `make C=2 CHECK=/opt/sparse-mpya/sparse` hukagua faili zote hata zisizojengwa upya (`C=1` hukagua zinazojengwa tu). Mradi wa Git nao una lengo la `make sparse` tayari. Panga matokeo kwa `sort` kwa sababu `make -j` huyachanganya. Usichuje mistari yenye `warning:` pekee: onyo la aina zisizolingana hufuatwa na mistari miwili ya `expected` na `got`, na mara nyingi badiliko liko kwenye hiyo. Namba za mistari ziache unapolinganisha vikaguzi viwili juu ya msimbo mmoja. Zifute kwa `sed` pale tu unapolinganisha msimbo wa jana na wa leo.

Kila onyo lililotoweka lifuatilie kama unavyofuatilia lililozaliwa. Onyo jipya litapata mlalamikaji mara moja, lakini lililopotea halina wakili isipokuwa wewe. Ukikuta limepotea bila sababu inayoeleweka, `git bisect run` pamoja na jaribio lako lililopunguzwa vitakupeleka kwenye badiliko lililohusika bila kukisia.

Viraka vya mwenzenu

Bila kuviona nina dhana moja, na naomba uichunguze kwanza: huenda sehemu kubwa haikuhitajika. Sparse tangu Linus Torvalds alipoianza mwaka 2003 iliundwa kwa ajili ya mambo hayohayo mawili, pointa zisizopaswa kuguswa moja kwa moja na namba zisizopaswa kuchanganywa. Pointa za rejista hazihitaji hata mstari mmoja ndani ya `evaluate.c`:

```c
#ifdef __CHECKER__
# define REJISTA   __attribute__((noderef, address_space(2)))
# define LAZIMISHA __attribute__((force))
#else
# define REJISTA
# define LAZIMISHA
#endif
```

Tangaza `volatile uint32_t REJISTA *` kwenye heda yenu ya vifaa, na `LAZIMISHA` itumike ndani ya funksheni mbili tu, ya kusoma na ya kuandika rejista. Mtu akiisoma pointa hiyo moja kwa moja atapata `dereference of noderef expression`; akiipeleka kwa `memcpy` ataambiwa `different address spaces`. GCC yenyewe haioni chochote, kwa kuwa `__CHECKER__` hutangazwa na Sparse pekee. Mpangilio wa baiti vivyo hivyo, kwa sifa ya `bitwise` iliyo kwenye jaribio la juu.

Kila kiraka chenu kinachoweza kugeuzwa kuwa tangazo ndani ya heda, kigeuze na ukifute kwenye Sparse. Vitakavyobaki viweke kama mfululizo wa viraka vidogo juu ya hazina ya asili, kila kimoja na jaribio lake, uwe unavisogeza kwa `git rebase`. Marekebisho ya kichanganuzi cha sintaksia, kama hizo `__builtin_`, yapeleke kwa watunzaji wa Sparse wayapokee. Leseni ni MIT na kazi hiyo inawafaa wote. Kubaki na kichanganuzi chenu peke yenu ni deni linalokua kila GCC inapotoka.

Maonyo ya uongo

Kwenye mradi kama wenu yatatoka hasa sehemu moja: hesabu ya kufuli. `context imbalance` hutolewa pale njia mbili zinapokutana zikiwa na hesabu tofauti za kufuli. Sparse haiunganishi masharti, kwa hiyo msimbo wa `if (f) funga(); ... if (f) fungua();` utalalamikiwa hata kama ni sahihi. Kupanua Sparse ielewe hilo si kazi ya mtunzaji mmoja. Gawa funksheni hiyo mara mbili, yenye kufuli na isiyo nayo. Karibu kila mara msimbo unaotokea husomeka vizuri zaidi. Funksheni inayofunga na kuacha mwitaji afungue itangazwe kwa sifa ya `context`, kama kerneli ilivyofanya kupitia `__acquires` na `__releases`. Ikishindikana kabisa, `-Wno-context` kwa faili hiyo moja, na sababu iandikwe kando yake ndani ya Makefile.

Orodha ya maonyo yaliyosamehewa inakubalika kwa msimbo wa zamani tu. Itambulishe kwa jina la faili na maneno ya onyo, kamwe si kwa namba ya mstari, na seva ikatae pia pale msamaha uliomo haulingani na onyo lolote tena. Usipofanya hivyo, orodha itajaa misamaha mfu ambayo kesho itafunika hitilafu mpya yenye maneno yaleyale.

Kikaguzi nacho kikaguliwe

Jenga nakala ya Sparse kwa `-fsanitize=address,undefined`, chaguo za kunasa makosa ya kumbukumbu na ya hesabu programu inapoendeshwa, na uendeshe `make check` kwayo kila wiki. Angalia hasa ukokotoaji wa thabiti: namba ndogo kabisa ya biti 64 ikigawanywa kwa -1 kwenye x86 huua programu kwa SIGFPE (ishara ya kosa la hesabu), na kusogeza biti kwa idadi inayofikia au kuzidi upana wa aina hakuna maana iliyowekwa katika C. Kikaguzi husoma msimbo mbovu kila siku, kwa hiyo hesabu zake zote lazima zichunguze mipaka kabla ya kukokotoa, na zifuate upana wa mashine lengwa, si wa seva. Csmith, nayo ya Utah, huzalisha programu halali za C bila mpangilio. Ziendeshe mia chache usiku. Sparse ikianguka au ikitoa `error:` kwenye yoyote kati ya hizo, una hitilafu ya kurekebisha, na C-Reduce itakupunguzia.

Usishangazwe na ripoti ya kumbukumbu isiyorudishwa, lakini. Sparse ina mgao wake wa kumbukumbu ndani ya `allocate.c` na kwa makusudi hairudishi vingi, kwa kuwa huishi muda mfupi tu. Zima ukaguzi huo kwa `ASAN_OPTIONS=detect_leaks=0`.

Ukihitaji zaidi ya hapo

Sparse hutazama funksheni moja moja. Siku mtakapotaka kujua kama thamani iliyotoka kwenye redio ya mita inatumika kama namba ya nafasi ndani ya safu (index) bila kupimwa, chombo ni Smatch ya Dan Carpenter, ambayo ilijengwa juu ya Sparse na hufuatilia mipaka ya thamani kutoka funksheni hadi funksheni kwa hifadhidata ya SQLite. Ukaguzi wako huandikwa katika faili yake, `check_mita.c`, ukasajiliwa kwa mstari mmoja `CK(check_mita)` ndani ya `check_list.h`, bila kugusa kichanganuzi. Hifadhidata hujengwa kwa kupitia msimbo wote zaidi ya mara moja, kwa sababu kila mzunguko hujifunza kwa wito wa funksheni uliopatikana mzunguko uliotangulia. Mzunguko mmoja hutoa majibu pungufu. Na kwa kuwa Smatch hubeba nakala yake ya Sparse, rekebisho la heda ulilofanya upande mmoja halitafika upande wa pili lenyewe. Lipeleke kwa mkono, na jaribio lake pamoja.

Anza na `grep -v`, kisha njia za saraka, kisha mlinzi wa kimya. Viraka vya mwenzenu usiviguse hadi mlinzi huyo awe anapita kwenye seva ya ujenzi.